Kitabu cha karatasi au cha kwenye simu? Anayesoma Kiingereza aanze kwa kuhesabu maneno

Januari ikifika, wazazi wa Tabora ambao watoto wao wamechaguliwa kuingia kidato cha kwanza huulizana swali lilelile, sokoni, kwenye daladala, nje ya kanisa na nje ya msikiti. Mtoto amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Wiki ijayo anakutana na baiolojia, historia na jiografia kwa Kiingereza. Anunuliwe vitabu vya hadithi vya Kiingereza ajifue navyo, au apewe simu ya kupangusa ajipakulie mwenyewe? Jirani mmoja atasema simu inaharibu watoto, habari imeisha. Kijana wa steshenari atasema karatasi imepitwa na wakati, na kwamba kompyuta yake ina vitabu vya kujaza chumba, lete flashi tu.

Wote wawili wamerukia swali la pili. La kwanza ni hili: kwenye ukurasa mmoja wa kitabu hicho, mtoto hajui maneno mangapi? Ukishalijibu hilo ndipo utajua kama simu itamsaidia au itamdumaza, na kama karatasi itamtuliza au itamchosha hadi akitupe kitabu. Kabla ya hapo, mjadala wa karatasi na kioo ni ubishi wa kijiweni, kila mtu na timu yake.

Hesabu ya ukurasa

Mwaka 2000, Hu Hsueh-chao na Paul Nation walichapisha utafiti unaopendeza kwa urahisi wake. Walichukua hadithi ya Kiingereza, wakaondoa baadhi ya maneno na kuweka mahali pake maneno ya kubuni yasiyo na maana yoyote, kisha wakawapa watu wanaojifunza Kiingereza wasome. Waliopewa hadithi ambayo maneno 80 tu kati ya 100 yalikuwa ya kweli, hakuna hata mmoja aliyeielewa inavyotakiwa. Kwenye 90 na 95 wapo walioambulia, ila si wengi. Hitimisho lao: ili msomaji wa kawaida aielewe hadithi peke yake, bila mwalimu wala kamusi, inabidi ajue maneno kama 98 katika kila 100.

Sasa chukua ukurasa wa kitabu cha hadithi wenye maneno 300. Kwa kipimo hicho, maneno mageni sita si tatizo. Maana yake itabahatishwa kutokana na sentensi, au yatarukwa na hadithi itaendelea. Kumi na tano yanachosha. Thelathini yanamfanya msomaji awe mfasiri, na mfasiri asiyelipwa hachukui muda kufunga kitabu. Kinachowashangaza wengi ni kwamba 90 kwa 100 ni alama ya kumpigia mtoto makofi kwenye mtihani, ilhali kwenye kusoma ni kufeli, kwa sababu karibu kila mstari una neno la kumkwamisha.

Nation huyohuyo alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma riwaya au gazeti la Kiingereza lisilorahisishwa, kwa kiwango hicho cha 98, kunadai familia za maneno 8,000 hadi 9,000. Familia hapa ni neno pamoja na wenzake waliotoka kwenye shina moja, kama sisi tunavyoweza kuhesabu soma, msomaji, somo na somesha kuwa ukoo mmoja. Mtoto aliyemaliza darasa la saba Sikonge au Uyui yuko mbali mno na hapo. Tena kwa wengi wao Kiingereza ni lugha ya tatu, baada ya Kinyamwezi cha nyumbani na Kiswahili cha shuleni.

Tatizo hili lina umri. Miaka ya 1920 Mwingereza Michael West, aliyekuwa akifanya kazi ya elimu huko Dhaka, Bengal, aliona watoto wanapewa vitabu vya kusomea vyenye maneno mapya yaliyosongamana, tena mengi ya fasihi ya kale. Akaandika upya masimulizi kwa maneno machache ya kawaida, kila neno jipya likirudiwa mara nyingi kabla ya kuletwa lingine. Mwaka 1953 ikatoka orodha yake ya maneno ya msingi kama 2,000. Vile vitabu vyembamba vya Kiingereza vyenye namba ya ngazi kwenye jalada, ambavyo baadhi ya shule huvifungia kabatini visichakae (maajabu ya kitabu kuzeeka bila kusomwa), vimetoka kwenye ukoo huo.

Kumpima mtoto hakuhitaji mtaalamu. Fungua kitabu katikati, maana mwanzoni waandishi wengi hujitahidi kuwa wepesi. Hesabu maneno 100, ambayo kwa kitabu cha hadithi ni kama mistari kumi. Mwambie asome kimya na apige nukta ya penseli chini ya kila neno asilolijua. Nukta mbili au tatu, mwachie kitabu. Tano, atahitaji msaada. Kumi na kuendelea, kirudishe dukani hata kama mtoto wa jirani anakisoma.

Karatasi inashinda wapi

Utafiti unaotajwa sana katika ubishi huu ulitoka mwaka 2018. Pablo Delgado na wenzake wa Hispania na Israeli walikusanya tafiti 54 zilizofanyika kati ya mwaka 2000 na 2017, zenye wasomaji zaidi ya 170,000, na kulinganisha uelewa wa waliosoma kwenye karatasi na waliosoma kwenye skrini. Karatasi iliongoza. Haikuongoza kwa mbali, ila iliongoza kwa uthabiti, na pengo liliongezeka pale msomaji alipobanwa na muda. Lilionekana kwenye maandishi ya maelezo, mfano wa kitabu cha jiografia. Kwenye hadithi tupu halikuonekana. Na jambo ambalo wengi hawakulitegemea: kadiri miaka ilivyosonga pengo lilikua, wakati watu walidhani kizazi kilichozaliwa na simu mkononi kingelifuta.

Kwa nini iwe hivyo? Rakefet Ackerman, mmoja wa watafiti hao, alikuwa ameonyesha mapema, mwaka 2011 akiwa na Morris Goldsmith, kwamba mtu anayesoma kwenye kompyuta hujiamini kupita alama anazopata. Anadhani ameelewa, anasonga mbele. Anne Mangen wa Norwei analitazama kwa upande wa mikono. Mwaka 2013 yeye na wenzake waliwapa wanafunzi 72 wa darasa la kumi matini mbili, wengine kwa karatasi, wengine kwa PDF kwenye kompyuta. Wa karatasi walielewa zaidi. Mwaka 2019 wakarudia na watu wazima 50, safari hii hadithi ndefu ya kurasa 28, nusu yao wakitumia Kindle, kile kifaa chenye wino wa kielektroniki kisichomulika machoni kama simu. Matokeo yalikaribia kulingana, isipokuwa sehemu moja: walioshika karatasi walikumbuka vizuri zaidi tukio lipi lilitangulia lipi. Mangen anahusisha hilo na unene wa kurasa unaopungua mkono wa kulia na kuongezeka wa kushoto, kitu ambacho kwenye kifaa hakipo.

Haya yote ni ya kweli na yanafaa kujulikana. Ila tafiti nyingi za namna hii hufanyiwa watu wanaosoma lugha yao wenyewe. Mnorwei wa Mangen alikuwa anasoma Kinorwei. Hakuna neno lililomsimamisha. Mwanafunzi wetu anasimamishwa kila mistari miwili, na anachofanya pale aliposimama kina uzito kuliko kitu alichoshika.

Kile kisa cha kujiamini kupita kiasi, hata hivyo, nadhani kinamgusa msomaji wa lugha ya kigeni kuliko mtu yeyote. Ukisoma Kiswahili mawazo yakapotea, unashtuka: hii aya imesema nini? Ukisoma Kiingereza ambacho bado unakitafuta, ile hali ya kuelewa nusunusu ndiyo hali yako ya kila siku, kwa hiyo kengele hailii. Ongeza hapo kwamba kioo cha simu ndicho kilekile ambacho saa zote unakipitia haraka: meseji za kikundi cha harusi, matokeo ya Simba na Yanga, picha ya shangazi. Macho yamezoea kuteleza.

Kugusa neno

Mwanafunzi wa bweni ana kitabu cha karatasi na kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, ile iliyotoka mwaka 1996. Amekutana na neno. Anaweka kidole kwenye mstari, anavuta kamusi, anapekua hadi herufi husika, anapitisha macho kwenye safu, anapata maana nne, anasoma mbili, anachagua moja, anarudi. Kidole kimeshahama. Sentensi anaianza upya. Hata akifanya haraka ni karibu dakika nzima. Maneno sita kwa ukurasa yanavumilika. Maneno thelathini ni nusu saa kwa ukurasa, na hapo hujafika ukurasa wa pili. Mwenye simu anabonyeza neno, maana inaibuka, anaendelea. Sekunde mbili.

Basi simu imeshinda? Hapa ndipo mambo yanapochanganyika. Mwaka 1996 Jan Hulstijn na wenzake waliwapa wanafunzi wa Uholanzi hadithi ya Kifaransa. Kundi moja lilikuwa na maana za maneno pembeni mwa ukurasa, lingine lilikuwa na kamusi. Wenye kamusi hawakuifungua mara nyingi, kwa hiyo walijifunza maneno machache kuliko wenye maana pembeni. Lakini yale machache waliyoyatafuta kwa mkono wao waliyakumbuka vizuri, sawa na wenzao au hata kuwazidi. Miaka mitano baadaye Hulstijn na Batia Laufer walilijengea hoja: neno hukaa kichwani kwa kadiri ulivyolihitaji, ulivyohangaika kulitafuta, na ulivyopima kama maana uliyoipata inaingia kwenye sentensi.

Simu inakuondolea hilo la pili karibu lote, na ukiwa mvivu inakuondolea na la tatu. Chukua hadithi ambamo wanawake wanateremka asubuhi kwenye “spring” wakiwa na ndoo. Ukibonyeza neno hilo, kuna programu zitakuletea majira ya kuchipua, maana ndiyo ya kwanza kwenye orodha yao. Mwenye kamusi ya karatasi ameziona maana zote zimepangwa, naye atasita: ndoo na majira wapi na wapi? Atashuka hadi chemchemi, neno ambalo mtoto wa Tabora mjini amekua nalo, kata nzima inaitwa Chemchem. Mwenye simu amekwishapita, na kwa kurasa tatu zijazo wanawake wake wanachota maji kwenye majira.

Kuna utafiti mwingine wa kujumlisha, wa mwaka 2021, wa May Irene Furenes, Natalia Kucirkova na Adriana Bus, uliokusanya tafiti 39 za watoto wadogo 1,812 waliosomewa au kusoma vitabu vya karatasi na vya skrini. Kitabu cha skrini chenye kamusi ndani kiliwaongezea watoto maneno. Kuielewa hadithi yenyewe, kamusi hiyo haikuwasaidia, pengine iliwarudisha nyuma. Mimi naona hapo ndipo kiini cha suala zima kilipo. Kugusa neno ni biashara yenye madaftari mawili: unaingiza maneno, unatoa mtiririko. Kwenye ukurasa wa maneno mageni sita hasara ni ndogo. Kwenye ukurasa wa thelathini umeshapoteza hadithi, na bila hadithi hata hayo maneno hayana pa kujishikiza.

Kuhusu kile kitufe cha kutafsiri ukurasa mzima sina mengi. Anayekitumia anasoma Kiswahili cha mashine. Akitaka kujua habari, sawa. Akitaka kujua Kiingereza, hajaanza. Na siku hizi hata karatasi haijasalimika, maana unaelekeza kamera kwenye ukurasa na Kiswahili kinatokea juu ya Kiingereza.

Picha ya kitabu si kitabu

Wengi wanaolalamika kwamba kusoma kwenye simu kunaumiza macho hawajawahi kusoma kitabu kwenye simu. Wamesoma picha ya kitabu. Mtu alikilaza kitabu chini ya skana, akakibonyeza, akatuma. Fungua faili la namna hiyo ulione: katikati kuna giza pale kurasa zinapokutana, pembeni kuna kidole gumba cha aliyeskani, ukurasa wa 48 umerudiwa na wa 49 haupo. Ukurasa mzima umejibana kwenye kioo cha kiganja, herufi kama sisimizi. Unakuza kwa vidole viwili, sasa mstari umezidi kioo, inabidi uuvute kushoto uumalize, kisha kulia uanze mwingine, na mara nyingine unarudi kwenye mstari uleule. Kwa anayesoma lugha yake ni kero. Kwa anayebahatisha maana kutokana na sentensi nzima ni kikwazo hasa, kwa sababu hapati kuiona sentensi nzima. Na neno ukilibonyeza halifanyi kitu, kwa kuwa kwa simu hilo si neno, ni madoa meusi kwenye picha.

PDF ilitengenezwa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 kwa lengo la kuhakikisha ukurasa unabaki vilevile kwenye mashine yoyote. Inafaa sana kwa fomu na barua. Kwa kioo kidogo ndiyo balaa lenyewe. EPUB, muundo uliotoka mwaka 2007, umefikiriwa kinyume: maandishi yanajipanga upya kufuata ukubwa wa kioo. Unakuza herufi, mstari unajikata, neno linagusika. Tena ni jepesi. Hadithi ya maneno 60,000 bila picha haifiki hata MB moja, wakati ileile ikiskaniwa inaweza kumeza makumi ya MB, na anayelipia bando anajua tofauti hiyo inauma wapi. Kabla hujalipia kijana wa steshenari, bonyeza neno moja kwenye faili lake. Likijichagua lenyewe, ni maandishi. Lisipojichagua, umeuziwa picha. Na vingi vya hivyo vya flashi vimenakiliwa bila idhini, jambo ambalo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hairuhusu, liwe kwa flashi au kwa mashine ya kopi.

Haki itendeke, karatasi yetu nayo mara nyingi si kitabu, ni kopi ya kopi. Niliwahi kushika hadithi ya Kiingereza ya namna hiyo, imebanwa kwa pini za steshenari, na juu ya mistari kumeandikwa maana kwa penseli. Chini ya penseli kuna kalamu ya bluu ya mtu mwingine inayomsahihisha wa kwanza. Sehemu moja kalamu ya bluu ndiyo iliyokosea. Wanafunzi walikuwa wamejitengenezea wenyewe zile maana za pembeni za Hulstijn, bila kumsikia, na aliyekuja wa tatu alilazimika kuamua nani yuko sahihi. Zoezi zuri kuliko kamusi ya kugusa, kama unaniuliza.

Sauti

Eneo moja karatasi haina la kujitetea. Kiswahili tunakitamka kinavyoandikwa, hivyo mtoto anayesoma Kiingereza peke yake huingiza mazoea hayohayo: ataitamka “island” silabi kwa silabi na s yake ndani, ataizoea, na siku atakapoisikia kwa mwalimu hataitambua kuwa ni neno lile alilolisoma mara ishirini. Simu inaweza kumsomea. Sauti ya mashine haina utamu, lakini kufuatisha mstari kwa macho huku unasikiliza kunamfundisha mambo mawili kwa pamoja, na kunamzuia kusimama kila neno, maana sauti haimsubiri.

Vitabu vyenyewe viko wapi

Miaka ya mwanzo ya 1980, Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi 250 vyenye picha kwenye kila darasa la nne na la tano katika shule kadhaa za vijijini Fiji, watoto ambao Kiingereza si lugha yao. Hakuna mbinu ya ajabu iliyofundishwa: madarasa mengine mwalimu alisoma pamoja na watoto, mengine watoto walisoma kimya kila siku. Baada ya miezi minane walikuwa wamesonga katika kusoma na kusikiliza kwa kasi maradufu ya wenzao wasio na vitabu, na mwaka uliofuata faida ikaonekana hadi kwenye masomo mengine. Wingi wa vitabu vyepesi, vinavyovutia, kila siku. Hakukuwa na simu, lakini ninachokisoma humo si ushindi wa karatasi. Ni ushindi wa wingi.

Wingi ndio tusio nao. Maktaba ya mkoa ipo, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, nayo ni ya kutumiwa kuliko inavyotumiwa, ila mtoto wa Urambo hawezi kuja mjini kila Jumamosi. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao, vinasomwa bure. Ni msaada mkubwa kwa anayetafuta kitabu cha fizikia, lakini kitabu cha kiada ndicho kigumu chenyewe tunachojaribu kumwandaa mtoto akiweze. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, una hadithi fupi kwa Kiingereza, Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika, na unaruhusu kupakua na hata kuchapisha. Kasoro yake kwa kijana wa miaka 14 ni kwamba nyingi ni za watoto wadogo, na kijana ana heshima yake. Project Gutenberg, iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, ina vitabu zaidi ya 70,000 vya bure, na watu huvishangilia. Kwa mwanafunzi wetu ni mtego. Vingi ni vya bure kwa sababu ni vya zamani, na Kiingereza cha karne ya 19, chenye sentensi za mistari minane, kinamtoa kwenye 98 na kumtupa kwenye 80 kabla ya ukurasa wa pili.

Vile vifaa vya wino wa kielektroniki vingekuwa suluhisho zuri la kati: betri inakaa siku nyingi, maana picha ikishatulia kwenye kioo haili umeme, na hakuna meseji inayoingia. Shirika la Worldreader lilianza kuvigawa kwa wanafunzi wa Ghana mwaka 2010. Moja ya mambo ya kwanza waliyokutana nayo ni vioo kuvunjika kwa wingi, na baadaye wakaelekeza nguvu nyingi kwenye simu, kifaa ambacho watu tayari wanacho na fundi wake yuko kila mtaa. Kigoma, mkoa uliokaa miaka mingi ukiendeshwa na majenereta ya dizeli, hata suala la kuchaji lilikuwa na hesabu zake.

Na shuleni simu hairuhusiwi. Tabora ni mji wa bweni, kwa hiyo kwa miezi mingi ya mwaka ubishi umeshaamuliwa na matroni. Hapo wazee hupenda kusema: sisi tulisoma kwa karatasi tukakijua Kiingereza, Mwalimu Nyerere mwenyewe alipita Tabora. Alipita, kati ya mwaka 1937 na 1942, kwenye shule ya Waingereza, akifundishwa na kuamrishwa kwa Kiingereza kutwa. Hiyo haikuwa kazi ya karatasi peke yake.

Ningefanyaje

Mfanyabiashara wa Kigoma anayepeleka mzigo Bujumbura au Kalemie na anayetaka Kifaransa cha kuelewana na karani wa bandari, huyo ningemwambia simu bila kusita. Ni mtu mzima, anajua anachotafuta, na vitabu vya Kifaransa vya ngazi ya chini havipatikani kirahisi mjini kwake. Redio ya RFI ina taarifa ya habari ya kila siku kwa Kifaransa rahisi, pamoja na maandishi yake: asome na kusikiliza kwa wakati mmoja, mambo ya dunia ambayo tayari ameyasikia kwa Kiswahili. Kujua habari kabla ya kuisoma kunapunguza ugumu wa ukurasa kuliko kamusi yoyote. Mwanachuo wa Tabora mwenye makala ndefu za kitaaluma na mtihani wiki ijayo, achapishe zile mbili tatu za lazima na azisome na kalamu mkononi. Maandishi ya maelezo na muda mfupi ndipo hasa karatasi ilipoongoza kwenye tafiti za kina Delgado.

Mtoto wa kidato cha kwanza, nunua karatasi, tena chini ya ngazi ambayo kiburi cha mzazi kinaitaka. Likizo, asome ukurasa hadi mwisho bila kusimama, akipiga nukta tu. Akimaliza sura, achague maneno matano yaliyojirudia, si yote, ayatafute, aandike, kisha asome sura ile tena. Simu ya mama ije jioni, kwa sauti na kwa yale matano. Kama nyumbani hakuna ila simu, basi iwe EPUB, kamusi iliyopakuliwa ambayo haihitaji mtandao, data imezimwa, na sheria ileile ya nukta: aguse baada ya aya, asiguse katikati.

Na fedha ya kitabu kimoja kinene inaweza kupata vyembamba kadhaa. Wazazi wanne wa Isevya au Kitete wakinunua vinne vinne, majina tofauti, na kubadilishana kila wiki mbili, kila mtoto ana vitabu 16 vya kusoma hadi likizo ya Juni. Mmoja wao, yule mkali, ashike daftari la nani ana kipi, na asiyerudisha asiazimwe kingine.